Utamu na Mpinzani Wake: Hukumu juu ya Manukato ya Peremende

Yako mambo ambayo wahakiki huwaachia wafanya biashara, wakidhani kuwa hayastahili hukumu ya akili. Manukato ni mojawapo. Shairi hupimwa, hadithi huchambuliwa, bali chupa ya marashi huitwa nzuri au mbaya, kisha mazungumzo hufungwa kwa kusema kuwa kila mtu na pua yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa pua nayo yaweza kutoa sababu. Mfano uliochaguliwa ni Angel, manukato ya nyumba ya Thierry Mugler ya Ufaransa, yaliyotolewa mwaka 1992. Swali ni jepesi kulitamka: je, manukato yanukiayo kama peremende yastahili kununuliwa?

Tuanze na lugha yetu, kwa maana imekwisha tangulia kutoa hukumu. Kiswahili hutenga kunuka na kunukia. Samaki aliyeoza ananuka, asumini inanukia. Kinachoyatenga maneno haya mawili ni kiungo kidogo cha kauli ya kutendea, kile kile kigeuzacho "pika" kuwa "pikia". Kunuka ni jambo la kitu chenyewe. Kunukia kwaweza kufahamika kuwa ni kunuka kwa ajili ya mtu. Basi harufu njema haikamiliki mpaka apatikane wa kuipokea kwa ridhaa. Lakini neno "tamu" latutatanisha. Twasema chai tamu, sauti tamu, usingizi mtamu, na harufu tamu. Neno moja lataja ladha ya sukari na kila kipendezacho. Muuzaji wa manukato ya peremende hupata faida katika utata huo, kwa kuwa mnunuzi hukutana na sukari akadhani amekutana na uzuri. Kazi ya mhakiki ni kuvitenganisha viwili hivyo.

Mtungaji wa Angel ni Olivier Cresp. Utamu wake watoka hasa katika ethili-maltoli, kemikali iliyobuniwa na binadamu, ambayo hunukia kama sukari iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi, kama ile wauziwayo watoto katika maonyesho. Hapo kwanza ilijulikana zaidi katika vyakula kuliko katika manukato. Pamoja nayo zimo harufu za chakleti, asali na vanila. Lau mambo yangeishia hapo, tungepata harufu ya duka la vitamutamu, na hukumu yetu ingekuwa fupi. Lakini Cresp aliikabilisha sukari hiyo na mafuta mengi ya pachuli. Pachuli ni mmea wa jamaa moja na mrehani, ulimwao sana Indonesia, na mafuta yake hupatikana kwa kupitisha mvuke katika majani yaliyokaushwa. Yananukia udongo mbichi na mbao za kale, tena yana ukali kidogo kama wa kafuri. Hayana urafiki na sukari hata kidogo. Basi ndani ya chupa mna mashindano: utamu wataka kupaa, pachuli yauvuta chini. Mwenye kunusa hapati peremende wala hapati udongo; hupata jambo la tatu ambalo hakulijua kabla. Hapo ndipo sanaa ilipo.

Kanuni hii si ngeni. Vanilini ilitengenezwa maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1874, na Aimé Guerlain alipoitia katika Jicky mwaka 1889, aliiweka pamoja na lavenda na zabadi, ile itokayo kwa fungo, ambayo peke yake yanuka vibaya. Jacques Guerlain naye, katika Shalimar ya mwaka 1925, aliupambanisha utamu wa vanila na uchachu wa bergamoti na harufu ya moshi na ngozi. Wala hatuna haja ya kwenda Paris kutafuta ushahidi. Mpishi wa udi wa Unguja huyeyusha sukari, akatia vipande vya udi au sandali, akavichanganya na marashi na manukato mengineyo. Sukari imo chetezoni. Lakini aketiye mbele ya moshi ule hasemi kuwa amenusa sukari. Sukari imekuwa mtumishi wa kuvishika vingine, na kuungua kwake kwauongezea moshi uzito.

Baada ya Angel walikuja wafuasi wengi, na wengi wao walichukua sukari wakamwacha mpinzani wake. Pink Sugar ya Aquolina ni mfano ulio wazi: yapendeza mara moja, na saa ya tatu yangali yakisema neno lile lile yaliyolisema mwanzo. Ni kama utenzi wenye vina vinavyolia vizuri na maana iliyokwisha katika ubeti wa kwanza. Ethili-maltoli si kitu cha thamani kubwa. Alipaye fedha nyingi kwa ajili yake peke yake amelipa chupa na jina. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Yafaa basi kujua namna ya kupima. Vitu vilivyomo katika manukato haviruki pamoja: vile vya jamii ya ndimu na chungwa hutoweka upesi, na vanila na pachuli hukaa kwa saa nyingi. Mnunuzi anusaye karatasi dukani kwa dakika moja amesoma dibaji, akadhani amesoma kitabu. Kutangulia si kufika. Na apake kidogo mkononi, atoke, afanye shughuli zake, kisha anuse tena baada ya saa nne. Ajiulize maswali mawili: je, harufu imegeuka, au imepungua tu? Na je, katika utamu huo mna kitu kinachoukataa?

Kwa kipimo hicho Angel yafaulu, ila si bila dosari. Sauti yake ni kubwa mno. Hufika chumbani kabla ya mwenyewe, na katika joto la pwani, ambalo huharakisha kuruka kwa mafuta, hugeuka kuwa amri badala ya zawadi. Hapo kile kiungo kidogo cha kunukia hupotea, kwa sababu jirani darasani au garini hakuombwa ridhaa yake. Aliyeyapaka kwa wingi mchana amekiharibu kitu kizuri. Aliyepaka tone moja usiku amekitendea haki.

Hukumu yetu, kwa hiyo, ni kwamba Angel yastahili kununuliwa na mtu mwenye mkono mwepesi, na hasa kwa chupa ndogo. Yale ya sukari tupu hayastahili bei yake, hata yawe yanapendeza namna gani dukani. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo asione haya kuyaacha, akanunua udi. Atapata sukari humo humo, ikiwa mahali pake.