Barabara Isiyo Tupu: Uhakiki wa Picha za Usiku kutoka Rusizi

Muhula uliopita idara yetu ilipokea kazi ya mwanafunzi mmoja wa somo la insha: picha 12 alizopiga usiku akiwa ndani ya gari linalotembea, katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu. Kila picha imeambatana na maelezo mafupi ya Kiswahili, na mfululizo wote ameuita "Mapigo ya Usiku". Wapo wenzetu waliouliza kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na mambo ya kamera. Jibu letu ni kwamba maelezo yale yaliletwa kama zoezi la insha ya wasifu, na hatuwezi kuyahakiki bila kujua kwanza picha zenyewe zinaonyesha nini na zinaficha nini.

Tuanze na fani. Mpiga picha ameketi kando ya dereva (na ndivyo inavyopasa, anayeendesha hana mkono wa ziada). Kamera imekazwa juu ya dashibodi, na tundu linalopitisha mwanga limeachwa wazi kwa sekunde 8 hivi, badala ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Vyote vinavyosafiri pamoja na kamera, kama vile usukani na fremu ya kioo, vinatoka wazi kabisa. Vilivyo nje vinavutwa na kuwa mistari. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, katika sekunde 8 linapita karibu mita 90 za barabara, na mita zote hizo hulundikwa katika picha moja. Taa za magari yanayokuja huacha mistari myeupe, na za yale yaliyotangulia huacha mistari myekundu. Shimo moja tu linatosha kuufanya mstari ulionyooka utetemeke kama mwandiko wa mtoto.

Msomaji aliyezoea barabara za Dar es Salaam au Nairobi atashangaa kidogo: hapa myeupe iko kushoto. Rwanda huendesha kulia, hivyo picha inataja nchi yake hata pasipo kibao kimoja kusomeka. Mwanafunzi hakuliona hilo katika maelezo yake, nasi tunasikitika, maana lilikuwa limelala mbele yake.

Picha ya nne ndiyo nzuri kuliko zote kwa upande wa ufundi. Imepigwa kupitia dirisha la ubavuni, gari likiambaa Ziwa Kivu. Nguzo na kuta za karibu zimefutika zikawa ukungu, ilhali taa za wavuvi wa sambaza ziwani, pamoja na za Bukavu ng'ambo, zimekuwa vistari vifupi mno, nyingine karibu nukta. Sababu ni umbali: kilicho karibu hupita upesi mbele ya lenzi, kilicho mbali hukawia. Maelezo yanasema "Ziwa limetulia, sisi tunakimbia". Hapo maneno na picha vimeshikana mikono.

Kwingineko havikushikana. Picha ya saba, ya malori kwenye barabara ya Bugarama, inakotengenezwa saruji, imeandikiwa "Kasi ya ajabu". Kasi gani? Urefu wa mstari hutokana na mwendo pamoja na muda. Lori linalopanda kilima kwa kujivuta, likiachiwa sekunde 20, litaacha mstari mrefu kuliko pikipiki iendayo mbio kwa sekunde 2. Mwandishi ameiamini picha kuliko macho yake mwenyewe.

Kosa lililotukera zaidi ni la picha ya tano, "Barabara tupu", ambayo kwa maelezo yake ilipigwa saa mbili usiku karibu na Kamembe. Yeyote aliyewahi kupita huko saa hizo anajua kwamba pembezoni mwa lami pana watu: wanaotoka sokoni, wanaosukuma baiskeli zenye mizigo, watoto waliotumwa dukani. Taa za gari humwangaza mtembea kwa miguu kwa sekunde moja au mbili, na katika muda huo huo taswira yake inahama kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Haachi alama. Anayeacha alama ni mwenye taa. Kwa hiyo picha hizi, zikiachwa zijisemee, zinahesabu injini na kuwaacha watu.

Jambo hili ni la kale kama upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris. Kwa kuwa mwanga ulihitaji dakika kadhaa kujichora, magari ya farasi na wapita njia wakatoweka. Akabaki mtu mmoja aliyekuwa amesimama akipigwa viatu rangi. Waliosema mtaa ule ulikuwa mtupu walikosea kama alivyokosea mwanafunzi wetu.

Hata jina "Mapigo ya Usiku" lina shida. Tunasema "kupiga picha" kama tunavyosema kupiga chafya, tendo la mara moja. Lakini kamera iliyoachwa wazi sekunde 8 haipigi namna hiyo. Labda inapiga kama mtu apigavyo kambi: inakaa, inangoja, na wanaopita hawahesabiwi. Angeiona tofauti hiyo, huenda angeandika mengine.

Ushahidi kwamba angeweza umo katika picha ya tisa. Gari limesimama Kamembe kumpisha mama anayevuka na kikapu kichwani. Inaonekana alisita katikati ya barabara, kisha akaendelea. Ndiyo maana ametoka nusu nusu, mwili wake ukiwa kama kitambaa chepesi ambacho mistari ya taa inapenya. Kikapu tu ndicho kimeshika umbo. Chini yake pameandikwa "Taa za Kamembe". Tumemwomba mwanafunzi ayaandike upya maelezo ya picha hiyo kabla hazijabanduliwa ukutani, na aanzie kwenye kikapu.