Uamuzi Usio na Mazoezi: Rosa Mistika na Mambo Madogo ya Kila Siku

Tangu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ichapishwe mwaka 1971, mjadala juu yake umezunguka swali moja: mwenye hatia ni nani, baba au binti? Wanaomlaumu Zakaria hutaja ulevi na ukali wake. Wanaomlaumu Rosa hutaja tamaa na ukosefu wa msimamo. Pande zote mbili huchukulia kwamba wakati fulani Rosa alifika njiapanda, akaziona njia mbili, akachagua iliyo mbaya. Njiapanda hiyo haimo katika riwaya.

Kilichomo ni barua. Charles anamwandikia Rosa, Zakaria anapata habari, na binti anapigwa vibaya. Wahakiki wengi hukomea kwenye kipigo. Hata hivyo, kabla ya kipigo Rosa alikuwa na jambo dogo la kuamua, la aina inayomfikia kijana yeyote: ajibu au asijibu, amwambie mama yake au anyamaze, aichane karatasi au aihifadhi. Akikosea hapo, hasara si kubwa. Zakaria anampokonya jambo hilo. Tangu siku hiyo Rosa anakijua kilichokatazwa, lakini hajui kupima. Hofu ya mwanamume imekalia mahali pa busara, na kwa kuwa inafanana na adabu, nyumbani hakuna anayeishuku. Regina naye, ambaye angeweza kuwa mwalimu wa binti yake, amejifunza kuishi na mume huyo kwa kustahimili na kunyamaza. Hilo ndilo analoweza kumrithisha.

Ndiyo maana mageuzi ya Rosa akiwa mbali na Namagondo yanasimuliwa haraka. Mhakiki wa fani anaweza kuihesabu haraka hiyo kuwa dosari, kwani msomaji anatamani kumsikia Rosa akijadiliana na nafsi yake. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ana majadiliano tele ya namna hiyo, pengine kupita kiasi. Lakini Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu aliyezoea kuhoji. Rosa hakuwahi kuulizwa anaonaje, na kumpa ghafla ufasaha wa kujihoji kungekuwa uongo wa kisanaa. Anavuka hatua moja, kisha nyingine, na kila hatua ni ndogo mno kuitwa uamuzi. Huko Morogoro, kwenye chuo cha ualimu, mazoea yanamwamulia. Baadaye, anapojaribu kujirekebisha, mchumba anamwacha kwa kuwa si bikira. Kwa mara nyingine neno la mwisho liko kinywani mwa mwanamume. Kujiua kwake ni tendo lisilosubiri idhini ya mtu, na pia ni tendo lisiloweza kusahihishwa.

Udhaifu wa riwaya uko kwingine, katika mahakama ya mbinguni. Baba na binti wanapofikishwa mbele ya Mungu, Kezilahabi anarudi kwenye swali la hatia ambalo masimulizi yake yalikuwa yamekwisha kulivuka. Mahakama hugawa lawama. Haiwezi kuonyesha jinsi mtu anavyoukosa uzoefu wa kuamua siku baada ya siku, jambo ambalo sura za awali zimelionyesha vyema.

Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anamweka Maimuna katika hali inayokaribiana na hiyo: Bwana Maksuudi anamfungia ndani, naye anapotoka anaangukia ulimwengu asioujua. Tofauti ni kwamba Maimuna anaachiwa muda. Anakosea, anaporomoka, anaishi na matokeo, na mwishowe anajifunza kupambanua watu. Ni kweli kwamba ndoa yake na Kabi inamaliza mambo kwa wepesi unaotia shaka. Lakini kufikia hapo Maimuna anajua anachokikubali, na amekijua kwa kukosea, nafasi ambayo Rosa alinyimwa siku ile ya barua.