Ufundi wa Kukataa Peke Yako

Uchaguzi wa Oktoba 1961 ulipokwisha Afrika Kusini, chama cha Progressive kilibaki na kiti kimoja bungeni. Wabunge waliojitoa United Party miaka miwili nyuma na kukiasisi chama hicho walikuwa wameanguka, akiwamo kiongozi wao, Jan Steytler. Aliyepona ni Helen Suzman wa jimbo la Houghton, Johannesburg, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, kwa kura 564 tu. Kwa miaka 13 iliyofuata, hadi uchaguzi wa 1974, hakuwa na mwenzake wa chama wa kumnong'oneza jambo wala wa kumlindia zamu akitoka kunywa chai. Kwa miaka kadhaa kati ya hiyo alikuwa pia mwanamke pekee katika Bunge hilo la wazungu watupu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hesabu za bungeni zinawaunga mkono. Hapana moja mbele ya ndiyo mia na ushei haifuti hata nukta katika muswada. Ndiyo maana wengi wanaomsifu Suzman humsifu kwa ujasiri wake, wakaishia hapo. Ujasiri alikuwa nao, wala sina ugomvi na sifa hiyo. Ila wajasiri wengi hupiga kelele siku moja wakanyamaza. Kilichoifanya kura yake, iliyoshindwa karibu kila siku, iwafae watu ambao hata hawakuruhusiwa kumpigia, ni ufundi: kazi aliyojifunza, akainoa, akaifanya vilevile siku ya kusikilizwa na siku ya kuzomewa.

Chukua mwaka 1963. Waziri wa Sheria, John Vorster, alileta muswada ulioruhusu polisi kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka, bila wakili na bila kumfikisha mahakamani. Siku hizo zikiisha, zingeweza kuanza kuhesabiwa upya. Ndani ya muswada huohuo mlikuwa na kifungu kilichotungwa kwa ajili ya mtu mmoja, Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAC. Kifungo chake cha miaka mitatu kilikuwa ukingoni, na serikali ilitaka ruhusa ya kuendelea kumshikilia hata baada ya kuitumikia adhabu yake yote. United Party, chama kikuu cha upinzani, kilinung'unika hapa na pale. Muswada uliposomwa mara ya pili kikaungana na serikali. Aliyekataa alikuwa mmoja tu.

Sheria ikaanza kutumika Mei mwaka huo. Mwandishi wa habari Ruth First alikamatwa Agosti, akaachiwa siku 90 zilipotimia, akakamatwa tena kabla hajafika nyumbani kwake. Alikaa ndani jumla ya siku 117. Sobukwe alizuiwa Robben Island hadi 1969.

Hapana ya Suzman ilimfaa nani, basi? Siku ile, hakuna. Lakini kifungu cha Sobukwe kilipaswa kuhuishwa na Bunge mwaka hadi mwaka, na kila kiliporudi Suzman alisimama kuuliza mtu huyu anashikiliwa kwa kosa gani, maadamu adhabu yake aliimaliza. Serikali ikalazimika kulijibu swali lilelile hadharani, na kila jibu likaandikwa. Hapo ndipo ninapoanza kuuona ufundi. Kura huchukua dakika chache, ila kikao cha Bunge ni cha miezi, na anayeijua ratiba ya Bunge kuliko mawaziri wenyewe anaweza kuwanyima usingizi kwa jambo walilodhani wamelizika.

Silaha yake kubwa ilikuwa kipindi cha maswali. Kabla ya kuingia siasa alikuwa mhadhiri wa historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na akaingia bungeni na mazoea ya mhadhiri: kwanza takwimu, hoja baadaye. Aliuliza ni watu wangapi wamekamatwa kwa kukosa pasi, ndugu wa kile kipande ambacho Mwafrika wa Kenya ya mkoloni alitembea nacho shingoni. Aliuliza wangapi wako kizuizini, wangapi wamepigwa marufuku, wangapi wamenyongwa. Waziri anayeulizwa rasmi hana budi kujibu, na jibu linaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Serikali iliyoficha ukatili wake nyuma ya sheria za siri ikajikuta inauhesabu kwa kinywa chake yenyewe.

Tena aliijua faida iliyojificha humo. Magazeti ya Afrika Kusini yalibanwa na sheria nyingi. Kuandika habari za magereza, kwa mfano, kuliweza kumpeleka mhariri mahakamani. Lakini kilichosemwa bungeni kilikuwa na kinga, na gazeti liliweza kukichapa. Mama mmoja aliyeketi peke yake upande wa upinzani akawa mlango ambao habari zilizozibwa zilipitia na kuwafikia wasomaji wa Johannesburg, London na kwingineko. Waziri mmoja alipolalamika kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi mbele ya wageni, alimjibu kwamba yanayoiaibisha nchi ni majibu ya waziri, wala si maswali yake.

Jambo la pili katika ufundi wake lilikuwa kwenda kujionea. Hakuridhika na barua, ingawa alizipokea kwa mafurushi kutoka kwa wafungwa, wake za wafungwa na watu waliohamishwa kwa nguvu. Alikwenda magerezani, alikwenda vijijini walikotupwa watu waliong'olewa makwao. Mwaka 1967 alifika Robben Island. Wafungwa wa kwanza aliowasalimu walimwambia asipoteze muda kwao, aende moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho akaonane na Nelson Mandela, msemaji wao. Mandela akamweleza, mbele ya wakubwa wa gereza, habari za chakula, mavazi, masomo na vipigo, na habari za mlinzi mmoja mkatili aliyejichora alama ya Wanazi mwilini. Suzman alilifuatilia suala la mlinzi huyo kwa wakubwa, na wao wakijua fika kwamba akipuuzwa atalisema bungeni. Mlinzi akahamishwa. Hiyo ndiyo faida ya mtu ambaye kura yake haihesabiki lakini neno lake lina ushahidi nyuma yake.

Na alikuwa na ulimi. Aliwahi kuwashauri wabunge wa chama tawala watembelee makazi ya Waafrika siku moja, ila waende wamejigeuza sura, wajifanye binadamu. Waliompigia simu usiku kumtukana aliwapulizia filimbi masikioni. Mzaha huo haukuwa mapambo. Mtu aliye peke yake akikasirika kila siku huonekana kichaa. Akijua kucheka huwalazimisha hata adui zake wamsikilize.

Ukali wa mazingira yake haukuwa wa maneno tu. Septemba 1966 Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd alichomwa kisu na kuuawa ndani ya ukumbi wa Bunge, na P. W. Botha, wakati huo Waziri wa Ulinzi, akamgeukia Suzman palepale na kumfokea kwamba ni yeye na waliberali wenzake waliosababisha. Aliuawa mtu mbele ya macho yake, na kabla damu haijakauka akanyoshewa kidole. Baadaye Botha alilazimika kumwomba radhi. Mwaka uliofuata serikali ikaleta Sheria ya Ugaidi, iliyoruhusu kumzuia mtu bila kikomo cha siku, na Suzman akaikataa, peke yake tena.

Lakini sifa isiyo na mizani ni ulevi, na huyu naye lazima apimwe. Mwaka ule wa 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka makao makuu ya Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata wapiganaji wa ANC, chama kingine cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa kambini Kongwa, Dodoma. Kwa kijana aliyeiacha Soweto akaishia kwenye vumbi la Kongwa, habari za mzungu anayebishana kwa kanuni mjini Cape Town zingeweza kusikika kama mchezo wa wenye nafasi. Hoja ya wakosoaji ilikuwa nzito: Bunge lenyewe lilikuwa haramu, na kuketi humo kulilipa sura ya demokrasia. Isitoshe, chama chake kwa miaka mingi kilitaka haki ya kupiga kura iwekewe masharti ya elimu au mali, msimamo kilioutupa mwaka 1978 tu. Naye mwenyewe alipinga vikwazo vya kiuchumi wakati viongozi wengi wa Waafrika walikuwa wakivililia. Katika hayo, naona waliokuwa Kongwa walikuwa sahihi kuliko yeye.

Kukosea kwake huko kunatufundisha jambo: kuwa peke yako si ushahidi wa kuwa sahihi. Ron Paul, daktari wa Texas aliyekaa miaka mingi katika Bunge la Marekani, alipewa na wenzake jina la Dokta Hapana kwa mazoea yake ya kukataa peke yake. Mwaka 1999 Bunge hilo lilipotaka kumpa Rosa Parks, mpigania haki za Wamarekani weusi, nishani ya dhahabu, kura zilikuwa 424 kwa moja, na ile moja ilikuwa yake. Alisema katiba hairuhusu fedha za umma kutumika hivyo, akapendekeza kila mbunge atoe dola 100 za mfukoni mwake nishani ilipiwe. Mimi ningempa mama yule nishani bila kusita. Lakini Paul aliikataa nishani kama hiyo kwa Mama Teresa, na hata kwa Ronald Reagan wa chama chake mwenyewe. Kipimo kimoja kwa wote: hicho nacho ni sehemu ya ufundi, hata kinapotumika mahali usipopenda.

Wako pia wanaokumbukwa kwa siku moja. Jeannette Rankin, mbunge wa Bunge hilohilo, alikataa Marekani kutangaza vita dhidi ya Japani Desemba 1941, kura 388 kwa moja, na muhula wake ulipokwisha hakurudi tena bungeni. Barbara Lee, naye mbunge huko, alikataa Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, kumpa rais ruhusa pana ya kutumia jeshi. Kura 420 kwa moja. Lee alitukanwa na kutishiwa kuuawa, kisha wapiga kura wa jimbo lake wakamrudisha tena na tena. Ruhusa ile aliyoikataa ilikuja kutumika kuhalalisha vita katika nchi ambazo hazikutajwa siku ile. Nawaheshimu wote wawili. Suzman ananivutia zaidi kwa kuwa kwake siku ya namna hiyo ilijirudia mwaka baada ya mwaka, na kila mara alikuja na faili jipya mkononi.

Kwetu Afrika Mashariki tunalelewa kwa msemo wa wengi wape, na hakuna ubaya. Asiyeweza kushindwa kwa kura hafai kuishi na wenzake. Ubaya unaingia tunapodhani kwamba mchache, akishashindwa, hana kazi tena. Mara nyingi mabunge yetu hupitisha mambo kwa kura ya sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na mwenye kiti anatangaza waliosema ndiyo wameshinda. Sauti moja ya siyo humezwa humo isibaki hata kwenye kumbukumbu. Juni 1982 Bunge la Kenya lilipitisha kwa haraka kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Kilidumu hadi Desemba 1991, na katika miaka hiyo watu walifungwa, wakazuiwa, wakakimbia nchi. Hapana moja isingekizuia. Ingewapa tu Wakenya, kwenye maandishi, jina la mtu aliyeuliza kwa nini, na waziri aliyelazimika kujibu.

Suzman aliondoka bungeni mwaka 1989 baada ya miaka 36. Mwaka 1986, naye angali ameketi humo, Bunge lilelile lilizifuta sheria za pasi. Kusema yeye ndiye aliyezifuta ni kuwadhulumu waliopigwa risasi wakizipinga huko Sharpeville na waliochoma pasi zao barabarani. Wao ndio waliozivunja. Kazi yake ilikuwa nyingine: kuhakikisha kwamba hakuna mzungu wa Afrika Kusini atakayesema kesho kwamba hakujua. Mandela aliielewa tofauti hiyo, na Desemba 1996 alipotia saini katiba mpya, huko huko Sharpeville, bibi yule wa miaka 79 alikuwa pamoja naye.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia mbunge wako amekataa peke yake, usikimbilie kumshangilia wala kumwita msaliti. Muulize mambo matatu. Je, alikwenda kuwaona wanaoguswa na muswada ule? Je, ana takwimu, au ana hasira tu? Je, siku ya pili alirudi kuuliza tena, kamera zikiwa zimeondoka? Akiwa nayo yote matatu, mrudishe bungeni hata kama safari hii hukubaliani naye. Wa kusema ndiyo hawatakosekana.