Blanketi la Zege

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba zege hufunikwa blanketi lisipasuke, atadhani unamtania. Tumezoea zege la kumwagiliwa asubuhi na jioni, juu limetandazwa magunia, na kwa jamvi la nyumba ya kawaida hiyo ndiyo kazi inavyotakiwa. Msingi mnene una mambo yake.

Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Joto likikosa pa kutokea, kila kilo 100 za saruji ya kawaida katika mita moja ya ujazo hupandisha zege kwa takriban nyuzi 12. Weka kilo 400 kwenye msingi wenye unene wa mita tatu, zege likiwa limemwagwa na nyuzi 30, na katikati patakaribia 80. Huku juu upepo wa usiku unapuliza. Ni ugali uliopakuliwa sasa hivi: juu umeshapoa, ukimega katikati unaungua vidole. Ila ugali haujengewi ghorofa ishirini. Tumbo la zege limetanuka, ngozi inataka kusinyaa, na zege, hata likikomaa, huhimili kuvutwa kwa kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya linavyohimili kugandamizwa. Linachanika.

Kanuni iliyozoeleka inasema tofauti ya ndani na nje isizidi nyuzi 20, na ndani kusivuke 70. Hilo la pili huamuliwa kabla ya kumwaga: saruji yenye pozolana, barafu kwenye maji ya kuchanganyia. Marekani, kwenye bwawa la Hoover miaka ya 1930, walipitisha maji baridi ndani ya zege kwa mabomba ya zaidi ya kilomita 900, maana lingeachwa lipoe lenyewe lingechukua zaidi ya miaka 100. Wasifiwe. Mimi bado namvulia kofia zaidi mwenye blanketi, anayelinda lile la kwanza, ngozi isipoe kuliko tumbo.

Mtazame akifanya kazi. Kwanza anatandika nailoni, unyevu usipotee. Kisha blanketi, kipande kikilalia kingine. Pembeni anaweka mbili, kwa sababu pembe hupoteza joto kwa zaidi ya upande mmoja. Taabu yake kubwa ni nondo za nguzo zilizochomoza: kila moja ni tundu la kupitishia baridi, naye anazizungushia matambara moja moja, kwa subira ambayo hailipwi popote. Nyaya za vipimajoto zilishafungwa kwenye nondo, nyingine katikati kabisa, nyingine chini kidogo ya uso wa zege. Usiku kucha kuna mtu anasoma na kuandika.

Asubuhi msimamizi ana haraka ya kupima nguzo, anataka kufunua. Au kibarua mwema analeta mpira wa maji ya baridi, kama alivyofundishwa kwenye majamvi. Wote wawili hukataliwa. Blanketi hutolewa tabaka kwa tabaka, namba za vipimajoto zikiruhusu, pengine baada ya wiki nzima.

Kazi hii ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote ya kuonyesha, ndiyo maana bajeti ikibana huwa ya kwanza kufutwa. Wakadiriaji majenzi, iandikeni kwenye mchanganuo wa gharama kama kazi kamili, pamoja na posho ya anayekesha na vipimajoto.