Istilahi za Keigo: Neno Moja Halitoshi

Mwanafunzi wa Kijapani afikapo ngazi ya kati chuoni hukabiliwa na keigo. Tumezoea kuyaita matawi yake yote 'lugha ya heshima'. Twaona istilahi hiyo ni pana mno. Kitenzi taberu, 'kula', chatosha kuwa ushahidi. Akila mgeni, hutumika meshiagaru, nayo ni sonkeigo. Akila msemaji mwenyewe, hutumia itadaku, nayo ni kenjogo. Tabemasu ni teineigo, yaani adabu kwa msikilizaji, awaye yote alaye. Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa yote ni 'heshima' tu ataweza kujisemea meshiagaru, na hapo atakuwa amejikweza mbele ya mkubwa wake.

Dhana hii si ngeni kwetu: mdogo hutoa shikamoo, mkubwa hujibu marahaba, wala hakuna ajiamkiaye. Kilichokosekana ni majina. Tunapendekeza 'usemi wa kukweza' kwa sonkeigo, 'usemi wa kujishusha' kwa kenjogo, na 'usemi wa adabu' kwa teineigo. 'Usemi wa heshima' ubaki jina la jumla. Mwaka 2007 Wajapani wenyewe, katika mwongozo wao rasmi, waliigawa keigo mafungu matano. Waandishi wa vitabu vya ngazi ya juu wazingatie hilo.