Kumbukumbu za makosa kwenye seva ya saraka: pandisha kiwango kwa sababu, kisha kishushe

Seva ya saraka hutunza majina ya watumiaji, nywila na ruhusa zao. Ikigoma, ofisi nzima inabaki nje ya mfumo hata kama kompyuta zote zinawaka. Leo tuangalie namna ya kupanga kiwango cha kumbukumbu zake za makosa, tukitumia 389 Directory Server, programu huria yenye asili yake katika seva ya Netscape ambayo Red Hat iliinunua mwaka 2004. Namba 389 ni ya poti ya LDAP, itifaki ya kuwasiliana na saraka.

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na zipo shughuli zinazohudumia pande zote mbili. Tuchukue taasisi yenye seva moja Kayanga, upande wa Karagwe, na nyingine Nkwenda, upande wa Kyerwa, zinazopeana mabadiliko kila mara. Umeme unakatika Nkwenda, betri ya akiba inaisha, seva inazimika ghafla. Umeme ukirudi, watumishi wapya waliosajiliwa Kayanga hawaonekani Nkwenda.

Mafundi wengi hapo hukimbilia kupandisha kiwango. Anza kwa kusoma faili la makosa lililopo. Kiwango cha kawaida, 16384, huandika mambo mazito bila kuombwa. Utakuta mstari unaosema seva haikuzimwa kwa utaratibu na kanzidata inarekebishwa. Kama betri ndogo ya ubao mama imekufa, saa ya seva huweza kurudi miaka nyuma. Tofauti ya saa kati ya seva mbili ikizidi sekunde 86,400, yaani siku nzima, seva hukataa kurekebisha saa ya mabadiliko na huandika hivyo. Tiba yake ni kusahihisha saa, na umeijua bila kugusa kiwango chochote.

Mistari hiyo isipotosha, ndipo unapandisha. Viwango hivi si ngazi ya kupanda kutoka chini kwenda juu; ni kama swichi za nyumba, kila chumba na yake. Namba 8192 inafungua habari za urudufishaji, yaani seva kupeana mabadiliko, 128 udhibiti wa ruhusa, 32 uchujaji wa utafutaji, 8 miunganisho. Kila namba ni kipeo cha mbili, hivyo jumla haichanganyi: 8320 haiwezi kuwa kitu kingine ila 8192 na 128. Ujumbe wa 16384 huandikwa wakati wote, hata usipoijumlisha.

Kwa tatizo letu amri ni hii:

dsconf nkwenda config replace nsslapd-errorlog-level=8192

Neno nkwenda ni jina la seva husika. Amri inafanya kazi papo hapo, bila kuwasha seva upya. Fanya badiliko dogo Kayanga, kwa mfano namba ya simu ya akaunti ya majaribio, ngoja lifike au likwame, soma mistari ya dakika hiyo, kisha rudisha 16384.

Kwa nini haraka hivyo? Kwanza, kumbukumbu za makosa kwa kawaida huandikwa diskini moja kwa moja, tofauti na zile za matumizi zinazosubiri kwenye bafa. Hilo ni jema umeme ukikatika, maana mstari wa mwisho unabaki. Lakini maelfu ya mistari huilemea seva. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, faili likifika kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 100, jipya hufunguliwa, na idadi ya mafaili ya zamani yanayohifadhiwa ina ukomo. Kiwango kikiachwa juu usiku kucha, maelezo madogo madogo hufuta mstari ule ule uliokuwa ushahidi wa chanzo cha tatizo.

Kwa hiyo, ndugu fundi, kabla ya kugusa kiwango nakili faili la makosa mahali pengine, fungua swichi moja unayoihitaji, na usiondoke ofisini kabla ya kurudisha 16384.