Kabla ya Bisibisi

Nawaheshimu sana mafundi wa kompyuta wanaouliza kabla ya kushika bisibisi. Mashine hii unaifanyia kazi gani? Diski imejaa kiasi gani? Picha zako zina nakala kwingine kokote? Mteja mwenye haraka huona anapotezewa muda, kumbe nusu ya kazi inafanyika hapo hapo. Kuweka diski ya SSD kwenye kompyuta ya nyumbani ni kazi ya skrubu chache, wakati mwingine moja tu, na wengi wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi naiona ni kazi ya kuchagua, na kuchagua kunataka utulivu.

Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, na za miaka ya nyuma zina hadidiski ndani. Humo mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta data. Kila safari ya mkono huo hula milisekunde kumi hivi. Kwa faili moja huwezi kuona tofauti. Lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, ndiyo maana mtu huiwasha, akaenda kubandika chai, akarudi na kukuta bado haijatulia. Mara nyingi prosesa haina ubaya wowote. Inaisubiri diski.

SSD haina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya seli za silikoni, na hubaki humo hata mashine ikizimwa. Aina ya kumbukumbu inayotumika, NAND, ni kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba nchini Japani, walioitangaza mwaka 1987. Katika SSD nyingi za leo kila seli hubeba biti tatu, maana yake kidhibiti kinatakiwa kutofautisha viwango 8 vya chaji ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho. Zile za biti nne hudai viwango 16. Kila nikilifikiria hilo nastaajabu, na naamini fundi anayelijua hukishika kifaa kwa adabu zaidi.

Sasa kwenye uchaguzi. SSD ya inchi 2.5 inafungwa pale pale ilipokuwa hadidiski ya kompyuta mpakato, kwa kiunganishi kile kile cha SATA, na husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Ile ya M.2 ni kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na, mara nyingi, urefu wa milimita 80. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna za SATA na kuna za NVMe, zinazopitia njia ya kasi zaidi ya PCIe. M.2 ya SATA inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye sloti ya NVMe, skrubu ikakaza, na kompyuta isiione. Fundi makini hutafuta kwanza namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, akasoma maelezo ya bodi yake, ndipo akatamka bei.

NVMe ya PCIe kizazi cha tatu hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, na ya kizazi cha nne karibu 7,000. Namba hizo zinavutia dukani. Lakini mtu anayeandika barua, anayetunza hesabu za duka na kutazama video hatahisi tofauti kati ya hizo mbili. Atakachokihisi ni kuachana na hadidiski. Fundi anayemwambia mteja ukweli huo, huku akijua ile ghali ingemwachia faida kubwa zaidi, anastahili kusifiwa hadharani. Na mashine ikiwa ya zamani kiasi kwamba BIOS yake haiwezi kuiwasha kutoka NVMe, SATA ya inchi 2.5 ndiyo jibu sahihi.

Hofu ya kwamba SSD "inaisha" nayo imekuzwa mno. Crucial MX500 ya terabaiti 1 imepewa na mtengenezaji kiwango cha kuandikwa terabaiti 360. Ukiandika gigabaiti 30 kila siku, unahitaji zaidi ya miaka 30 kukifikia. Cha kuogopa zaidi ni bidhaa bandia, zile zinazojitangaza kuwa na terabaiti kadhaa kwa bei ya kutupa. Dawa yake ni kuijaza diski mpaka mwisho kwa programu kama F3 au H2testw, kisha kusoma kila kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu. Fundi mzuri huuvumilia.

Kazi ya mikono ndiyo ninayopenda kuitazama. Fundi anaanza na kunakili diski ya zamani, mara nyingi kwa programu ya Clonezilla, na kompyuta ya mezani haanzi kuinakili bila UPS, ile betri ya akiba, maana umeme wetu hukatika bila kuaga. Akishamaliza anachomoa waya, anabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe; kama ni mpakato anachomoa kiunganishi cha betri. Anagusa chuma cha kasha ili umeme tuli umtoke mwilini. Skrubu anazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kwa kuwa ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi.

Kibao cha M.2 anakiingiza kwa mshazari, nyuzi 30 hivi, mpaka meno ya dhahabu karibu yote yazame. Halazimishi. Kisha anakilaza kwa kidole kimoja, na skrubu ndogo anaikaza hadi inapogota, basi. Kama kuna pedi ya kupitishia joto, anabandua kwanza ngozi yake ya plastiki. Nimeona mashine ambazo ngozi hiyo iliachwa, na pedi ikakaa miaka bila kufanya kazi yake sawasawa.

Mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza, diski ya zamani inakuwa pembeni, imechomolewa kabisa. La sivyo kompyuta inaweza kuwaka kutoka ile ile ya zamani, na fundi na mteja wote wawili wakaamini kazi imekwisha. Anafungua programu ya CrystalDiskInfo kuangalia afya na saa ambazo diski imekwishatumika. Iliyouzwa kama mpya inatakiwa kuonyesha karibu sifuri. Halafu anamsogezea mteja kiti, amwachie afungue mwenyewe picha zake na hesabu zake. Hadidiski anamrudishia bila kuifuta, pamoja na maelekezo kwamba akae nayo wiki kadhaa kabla ya kuipangia kazi nyingine.